Madogo wa Everett na mechi iliyogoma kuisha: Victoria, Aprili 2017 (uzi mrefu kidogo)

Mzee wa Kontena

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Yanga kutolewa na Mamelodi kwa penalti, robo fainali ya Afrika, nilisema kumaliza mechi ya mtoano kwa penalti ni kukwepa kazi, nikashambuliwa kila kona. Mdau mmoja akaniuliza: "Sasa ulitaka wacheze mpaka lini, mpaka adhana ya alfajiri?" Nikaahidi kuleta uzi kamili badala ya kubishana kwa mistari miwili miwili. Ndio huu. Jibu langu ni ndiyo, wacheze mpaka apatikane mshindi. Mfano ninao, wa vijana ambao wengine walikuwa bado wana mitihani ya sekondari, tena wakiwa ugenini.

Mchezo ni hoki ya barafuni. Asiyependa baridi ashuke kituo hiki.

Tarehe 2 Aprili 2017, mjini Victoria, jimbo la British Columbia, Kanada. Wenyeji ni Victoria Royals. Wageni ni Everett Silvertips, kutoka jimbo la Washington, Marekani. Ni mechi ya sita ya raundi ya kwanza ya mtoano katika WHL, ligi ya vijana ya upande wa magharibi. Mfumo ni mwenye kushinda mechi nne ndiye anayesonga mbele, na Everett walikuwa mbele 3-2. Kwa hiyo Victoria wakifungwa tu, msimu umekwisha, kila mtu akafungashe. Everett wakifungwa, timu zote mbili zinapanda meli kwenda Marekani kumalizana kwenye mechi ya saba.

Kwa wageni wa mambo haya: WHL siyo ligi ya mtaani. Ni moja ya ligi tatu kubwa za vijana zilizo chini ya CHL, yaani mwamvuli wa hoki ya vijana Kanada, na timu zake zimetapakaa majimbo manne ya Kanada na mawili ya Marekani. Umri ni kuanzia miaka 16 hadi 20, na wale wa miaka 20 kila timu inaruhusiwa watatu tu. Dogo anaondoka kwao akiwa na miaka 16, anapelekwa mji ambao hajawahi kuuona, anaishi na familia isiyo yake, asubuhi shule, mchana mazoezi, usiku basi. Mshahara wa maana hakuna, ni posho. Faida yake ni kwamba kwa kila msimu anaocheza, ligi inamlipia mwaka mmoja wa masomo ya juu. Na wenye bahati wanaonekana na timu za NHL, ile ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani na Kanada, ambazo huteua vijana wakifika miaka 18.

Naendelea. Nisomeni taratibu.

Bintimwambao

Naweka mkeka hapa. Tiririka.

Kijana wa Buza

Hoki ya barafu tena? Mkuu huku Buza joto limepanda mpaka feni inapuliza mvuke. Haya endelea, angalau tupoe kwa macho.

Mzee wa Kontena

Tuanze na safari, maana hapo ndipo watu wanapodharau.

Everett iko kaskazini kidogo ya Seattle. Victoria ipo kisiwani, kisiwa cha Vancouver, ambacho msikichanganye na jiji la Vancouver lililo bara. Basi la timu linapanda kaskazini mpaka mpaka wa Kanada pale Blaine, watu wanaonyesha pasipoti, linaendelea hadi bandari ya Tsawwassen, linaingia tumboni mwa meli pamoja na malori na magari madogo. Ukidhani ni kivuko cha Kigamboni umekosea, maana hapo mnakaa majini kama saa moja na nusu mpaka Swartz Bay, halafu barabara tena kuingia mjini. Vifaa vyote vipo kwenye buti la basi: mabegi makubwa yenye harufu ya jasho la miezi, magongo yamefungwa mafungu mafungu, mashine ya kunolea viatu.

Ratiba ya mtoano ilikuwa imeshawapitisha kwenye maji hayo siku chache tu kabla. Victoria nao vilevile. Timu ya kisiwani haina mechi ya ugenini isiyohitaji meli.

Uwanja unaitwa Save-On-Foods Memorial Centre, unaingiza watu kama elfu saba. Ni ukumbi uliofungwa juu, kelele haina pa kutokea. Wewe mgeni una benchi lako, kocha wako na mizigo yako. Wengine wote waliomo humo wanakuombea uanguke.

Sasa utaratibu wa mchezo, haraka haraka. Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila refa akipuliza, hakuna dakika za kuchezea. Uwanjani kila timu ina watu watano na kipa. Kisahani kile cheusi cha mpira mgumu ndicho kinachopigwa. Wachezaji wanabadilishana mchezo ukiwa unaendelea, wanaruka ubao wa benchi wakiingia na kutoka, na mtu hakai uwanjani zaidi ya sekunde 40 au 50, maana ni mbio za kukata pumzi. Anatoka, anakunywa maji, anapumua, anarudi. Kipa peke yake ndiye hana pa kwenda.

Baada ya dakika 60 ilikuwa 2-2.

Ligi ya kawaida hapo wangecheza dakika chache za nyongeza halafu penalti. Kwenye mtoano penalti hazipo kabisa. Mnapumzika kama robo saa, barafu inatengenezwa, mnarudi kucheza kipindi kizima kingine cha dakika 20. Goli la kwanza ndilo mwisho. Hakuna goli? Mnapumzika, mnarudi tena. Na tena.

Makorora One

Nimekaa paleee nasubiri. Ila mkuu, hao watu wa benchi wanaobadilishana kila sekunde 40 siyo sawa na mpira wetu. Feisal akitoka harudi.

Mzee wa Kontena

@Makorora One hoja hiyo nakuja nayo, ishike hapohapo.

Nyongeza ya kwanza: kapa. Ya pili: kapa. Ya tatu: kapa. Ya nne: kapa.

Kuna kitu watu wengi hawakijui. Mechi ikirefuka, barafu yenyewe inabadilika. Lile gari la kutengenezea barafu linakwangua juu, linamwaga maji ya moto kwa utandu mwembamba yakaganda upya. Ukumbi umejaa watu, joto linapanda, barafu inakuwa laini, inameguka theluji theluji. Kisahani ambacho mwanzo kilikuwa kinateleza kama kimepakwa mafuta kinaanza kudunda. Pasi ya mita kumi inafika ikiwa imesimama wima kama sarafu. Hapo fundi na mtu wa kawaida wanaanza kulingana. Chenga zinaachwa, watu wanasukuma kisahani ndani na kukifukuza.

Halafu makocha wote wawili siyo watu wa masihara. Upande wa Everett alikuwa Kevin Constantine, yule aliyeifundisha San Jose Sharks ilipoitoa Detroit mwaka 1994. Huyu mzee timu yake kwanza inaziba. Upande wa Victoria, Dave Lowry, aliyecheza NHL miaka mingi. Marefa nao usiku kama huo huwa wazito kutoa adhabu, maana hakuna anayetaka msimu wa watoto uamuliwe na filimbi yake.

Wa kuangaliwa walikuwa makipa. Everett: Carter Hart, miaka 18, alikuwa ameshateuliwa na Philadelphia Flyers mwaka uliotangulia. Victoria: Griffen Outhouse, miaka 19, hakuna timu ya NHL iliyokuwa imemteua. Mmoja ana jina, mwingine anatafuta. Wakasimama golini wote wawili tangu kisahani cha kwanza mpaka cha mwisho. Wanaocheza hoki wananiambia mavazi ya kipa hunyonya jasho mpaka mguu mmoja mmoja unakuwa mzito kuunyanyua, na kipa kazi yake ni kupiga magoti na kusimama, kupiga magoti na kusimama. Jaribu hapo ulipo mara hamsini, bila kuvaa chochote kizito, uje utupe mrejesho.

Kijana wa Buza

Nimejaribu mara kumi na mbili, mke wangu ameuliza nimepatwa na nini. Endelea.

Mzee wa Kontena

😂 Pole mkuu.

Mimi sikuwepo uwanjani, niseme ukweli. Nilikuwa ghalani kazini. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Everett alikuwa na redio ndogo kaiweka juu ya rundo la maboksi, antena kaifunga na waya wa kufungia mizigo. Mechi inaanza alikuwa anaisikiliza peke yake na sisi wengine tunamwona kama anajisumbua na mambo ya watoto. Nyongeza ya kwanza akaja Mmexico mmoja akaegemea. Ya pili nikasogea mimi, kwa ubishi tu, nijue wataishia wapi. Kufika ya nne foromeni mwenyewe alilileta lile gari la kunyanyulia mizigo, tukajua tumekwisha, anakuja kutufokea. Akalizima. Akasema lilikuwa linamziba masikio.

Mtangazaji wa timu ya ugenini husafiri na timu kwenye basi hilohilo, kwa hiyo naye alikuwa amevuka maji na wale madogo. Sauti ilianza kukauka. Kila Victoria wakishambulia, nyuma yake unasikia ukumbi mzima unanyanyuka, halafu "aaah", Hart kadaka. Kila Everett wakishambulia unasikia filimbi za kuzomea.

Nyongeza ya tano, dakika ya 11 na sekunde 36. Ukumbi ulikatika ghafla, ikabaki sauti ya yule mtangazaji peke yake akipayuka jina la Cal Babych. Tulielewa kabla hajamaliza sentensi. Goli la ugenini redioni linatambulika hivyo: watu elfu kadhaa wananyamaza kwa pamoja.

Everett 3, Victoria 2. Dakika 151 na sekunde 36 za mchezo halisi. Mechi mbili na nusu ndani ya usiku mmoja. Mpaka siku ile rekodi ya CHL ilikuwa ya mwaka 1999, Victoriaville na Hull kule Quebec, dakika 146 na sekunde 31. Ikavunjwa na madogo waliokuja na basi.

Everett wakapita 4-2.

Bintimwambao

Nimesoma kipande cha foromeni mara mbili. Na Outhouse je? Kadaka usiku kucha halafu moja tu ndiyo inakumbukwa.

Mzee wa Kontena

@Bintimwambao ndiyo hivyo dada. Baada ya hapo wanapanga mstari, kila mchezaji anampa mkono kila mpinzani. Hiyo ni desturi yao ikiisha kila raundi ya mtoano. Wale wa miaka 20 wa upande uliofungwa, huo mkono ndio wa kuaga ligi ya vijana, hawarudi tena.

Mnyama wa Kariakoo

Mleta uzi simulizi tamu, ila hitimisho lako silikubali. Sisi Simba 2023 tulitolewa na Wydad kwa penalti kule Casablanca, iliuma, sawa. Lakini tungecheza mpaka goli lipatikane, na hali ya hewa ile, na safari ile, wangeanguka watu. Makorora kasema kweli, hoki wanapumzika kila dakika.

Halafu hili la "goli la kwanza ndilo mwisho" mpira ulishalijaribu. Goli la dhahabu. Laurent Blanc aliwatoa Paraguay 1998, Trezeguet akamaliza Euro 2000. Likafutwa 2004. Kwa nini? Kwa sababu timu ziliogopa kushambulia. Sasa wewe unataka turudi kulekule.

Mzee wa Kontena

@Mnyama wa Kariakoo hapa ndipo nilipokuwa nakusubiri.

Goli la dhahabu liliwekewa mlango wa nyuma. Dakika 30, halafu penalti. Kwa hiyo timu dhaifu ilikuwa na hesabu rahisi: ziba nusu saa, kapige kura ya penalti. Ilikuwa na pa kukimbilia, ndiyo maana ikaogopa kushambulia. Toa huo mlango. Mwambie kocha kwamba akiziba dakika 20 atakuwa ameongezewa nyingine 20, na wachezaji wake ndio wanachoka, siyo refa. Lazima atafute goli hata kama hapendi, kwa sababu kuziba hakumfikishi popote. Constantine ni mzibaji wa kuzaliwa, na bado ilibidi timu yake iende ikafunge.

Kuhusu kuchoka nakubaliana na wewe nusu. Wachezaji wa mbele wanapokezana. Makipa je? Nani alimpokea Hart? Na kwenye soka waruhusu wachezaji waliotoka warudi wakati wa nyongeza, mbona sheria zinabadilishwa kila siku? Walikuwa wachezaji watatu wa akiba, leo ni watano.

Mnyama wa Kariakoo

Wachezaji warudi tena uwanjani? Hapo umeshatunga mchezo mwingine, upe jina.

Utopolo Damu

Mnyama leo nakuunga mkono, andikeni tarehe. Ila kwa ile ya Yanga na Mamelodi kule Pretoria hatukuhitaji nyongeza wala penalti, goli la Aziz Ki lililokataliwa lilikuwa halali, narudia, HALALI. Nyie jadilini barafu.

Makorora One

Mtu hawezi kuanzisha uzi wowote humu bila lile goli kuingia 🤣

Mama wa Edmonton

Habari zenu wanangu. Mimi huwa napita kimya lakini huu umenigusa.

Niko Alberta miaka mingi sasa. Familia yetu iliwahi kumpokea mchezaji wa timu ya vijana, akakaa kwetu kama mwanangu. Timu inakuletea mtoto wa watu na begi kubwa kuliko yeye, inakupa hela kidogo ya chakula ambayo, niwaambie kweli, inaisha kwenye mayai. Mtoto wa kiume wa miaka 17 anayecheza hoki anakula kama wanne. Chapati alijifunza kuzipenda mpaka akawa ananiuliza siku ya mechi kama zipo. Vifaa vyake tulimtengea kona chini kwenye orofa ya ardhini na feni usiku kucha, na bado wageni wakija walikuwa wanauliza kama kuna panya kafia ukutani.

Safari zao Mzee wa Kontena kazieleza vizuri, niongezee tu. Wanasafiri na suti na tai, ni amri ya timu. Wakishaingia kwenye basi tai zinatoka, kila mtu na mto wake. Wakongwe wanakaa nyuma, wageni wa timu wanakaa mbele na ndio wanaopakia na kushusha mizigo. Wanaofanya kazi za shule wanafanya humohumo. Anarudi alfajiri, baridi nje nyuzi 25 chini ya sifuri, nasikia mlango, nasikia friji inafunguliwa, ndipo nalala. Asubuhi shule ipo palepale.

Anayesema kuwachezesha hivyo ni ukatili, mimi sikuwa naogopa mechi ndefu. Niliogopa barabara. Tarehe 6 Aprili 2018, mwaka mmoja tu baada ya mechi hiyo, basi la Humboldt Broncos lilikuwa linakwenda Nipawin, Saskatchewan, kwenye mechi ya mtoano. Lori halikusimama kwenye njia panda. Walikufa watu 16 na 13 wakajeruhiwa. Ligi yao ni nyingine, lakini maisha ni yaleyale, basi lilelile. Na kabla ya hapo, Desemba 1986, wachezaji wanne wa Swift Current Broncos walikufa basi lilipoteleza. Ile wiki ya Humboldt watu nchi nzima waliweka gongo la hoki nje ya mlango, taa ya barazani ikawashwa usiku. Sisi tuliweka la yule kijana, la zamani, lililovunjika ncha.

Kwa hiyo mwanangu wa penalti, wacha wacheze. Wakiwa uwanjani najua walipo.

Bintimwambao

Mama, shikamoo. Asante kwa kutuandikia.

Mama wa Edmonton

Marahaba mwanangu.

Mzee wa Kontena

Shikamoo mama. Hayo ya mabasi niliyaruka makusudi, nilijua sitayaweza kuyaandika. Umeyasema wewe mwenyewe uliyeyaishi.

Nganya Mzee

Wasee, mmesahau jirani. Kenya kuna hoki ya barafu, tena Nairobi. Uwanja uko ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, ulifunguliwa 2005. Timu inaitwa Ice Lions. Uwanja ni mdogo kuliko vile vya kimataifa, ukipiga pasi ndefu imefika ukutani, lakini mabeste wamekomaa nao. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kwa timu yao. Sijui ni timu gani nyingine ya Afrika Mashariki imewahi kukaa benchi moja na wachezaji wa kiwango hicho kwa mchezo wowote. Na 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia, IIHF.

Sasa swali langu kwa Mzee wa Kontena: hizi dakika 151 ndizo ndefu zaidi duniani ama ni za vijana pekee?

Mzee wa Kontena

@Nganya Mzee ni rekodi ya ligi hizo za vijana za CHL. NHL yenyewe ina ya tarehe 24 Machi 1936, Detroit Red Wings waliwafunga Montreal Maroons 1-0 kule Montreal, nyongeza ya sita, dakika 176 na sekunde 30. Angalieni, na hapo pia mgeni ndiye aliyeshinda. Mfungaji alikuwa chipukizi aitwaye Mud Bruneteau.

Ila mama wa zote ni ya Norway. Storhamar na Sparta, mjini Hamar, tarehe 12 Machi 2017, yaani wiki tatu tu kabla ya hii ya Victoria. Nyongeza ya nane. Dakika 217 na sekunde 14. Storhamar wakashinda 2-1. Waliokata tiketi jioni walitoka ni siku nyingine.

Na kuhusu Ice Lions umenikumbusha jambo. Ugumu wa mchezo huu kwetu siyo baridi, ni umeme. Barafu ya ndani ya ukumbi ni jokofu kubwa linalowaka saa 24, na bili haisubiri uuze tiketi.

Kijana wa Buza

Swali la mwisho kutoka kwa mtu wa joto. Hao Everett, baada ya jasho lote hilo, walichukua kombe?

Mzee wa Kontena

Hapana. Raundi ya pili walikutana na majirani zao Seattle Thunderbirds, wakafungwa mechi nne mfululizo, nje. Seattle ndio wakaenda kubeba ubingwa wa WHL msimu ule. Na Constantine hakuendelea na timu baada ya msimu huo.

Kijana wa Buza

NNE BILA 😂😂 Dakika 151, pasipoti, meli, halafu nne bila kwa jirani!

Utopolo Damu

Sasa ndiyo unaona faida ya penalti mkuu. Wangefungwa mapema wakalale.

Mzee wa Kontena

Waulizeni wale madogo waliokuwa kwenye lile basi la kurudi kama wangekubali kubadilisha. Tena kwa Seattle hawakuhitaji meli, ni barabara moja tu.

Mnyama wa Kariakoo

Tumalizie hili: kwenye msimu wa kawaida mbona nao wanapiga penalti? Umesema mwenyewe juu. Kama ni mbaya, kwa nini wanazitumia?

Mzee wa Kontena

Kwa sababu ratiba ina mechi nyingi, msimu ule zilikuwa 72 kwa kila timu, na kesho yake basi linatakiwa mji mwingine. Pale wanagombania pointi, wanaweza kugawana. NHL nao vilevile: dakika tano za nyongeza, watatu kwa watatu, halafu penalti. Ikifika mtoano wanazifungia kabatini. Wenyewe wameshakubali kwamba penalti ni za kuokoa muda. Tofauti yetu mimi na wewe ni kwamba wewe unataka kuokoa muda hata robo fainali ya Afrika.

Mnyama wa Kariakoo

Robo fainali ya Afrika umeme hukatika, mkuu. Wacha tupige penalti kungali na mwanga.